Barua ya wazi kwa wakaguzi wa makao ya wazee Mombasa: funueni shuka

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya kusajili na kukagua makao ya wazee,
Mombasa.

KUH: UKAGUZI USIOMFIKIA MZEE MWENYEWE

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu na heshima. Sisi ni wauguzi, wahudumu na jamaa wa wazee wanaoishi katika makao ya hapa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni. Barua tulizowaletea zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na safari yake ikaishia hapo. Tulipofuatilia tuliambiwa faili iko kwa mkubwa. Ndipo tukaona tuandike hadharani. Hatutaji makao hata moja kwa jina, wala afisa, kwa sababu kasoro tunazozieleza hazikai nyumba moja, na pia kwa sababu yapo makao yanayofanya kazi safi kwa pato dogo mno.

Lalamiko letu ni moja lenye matawi. Mkaguzi akifika huonyeshwa cheti cha usajili, mtungi wa kuzimia moto, jiko lililopigwa deki, ratiba ya chakula iliyobandikwa ukutani na vitanda vilivyotandikwa. Vyote hivyo huandaliwa asubuhi moja, tena mkiwa mmetoa taarifa wiki nzima kabla. Uzito wa mzee hauandaliwi asubuhi moja. Kisigino chake vilevile. Kinywa, kucha, rangi ya mkojo, idadi ya vidonge vilivyobaki kwenye kopo: hivyo ndivyo vinavyosema alivyotunzwa mwezi mzima uliopita, na katika ripoti zenu tulizobahatika kuziona havimo.

1. Vidonda vya kulalia

Mzee asiyeweza kujigeuza akilala namna moja kwa muda mrefu, nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama hufa kuanzia ndani kuja nje. Kidonda kinapofunguka, mara nyingi uharibifu wa chini ni mkubwa kuliko tundu linaloonekana. Mahali pa kutazama panajulikana: mfupa wa mkia, visigino, nyonga, mabega kwa nyuma, viwiko, kisogo, na sikio kwa anayelalia ubavu.

Vitabu vingi hufundisha kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na mkaguzi anayengoja kuuona atapita akidhani mambo ni shwari. Tumieni mgongo wa mkono. Gusa palipo na mfupa, kisha gusa ngozi ya pembeni ulinganishe. Pakiwa na joto zaidi au baridi zaidi, pagumu au palegevu kuliko jirani yake, pamegeuka zambarau au pamekoza weusi, au mzee akishtuka kwa maumivu, kidonda kimeshaanza hata kama ngozi bado ni nzima. Hapo bado panarudi, mradi asipalalie tena mahali pale. Kikifika mfupani ni miezi ya kusafisha na kufunga, na vijidudu vikiingia kwenye damu ni rahisi kumpoteza.

Kinga yake haina siri. Kitandani, ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, na yule aliye hatarini zaidi hata mapema kuliko hapo; kitini, asogezwe angalau kila saa. Alazwe kiubavu kwa mwinamo wa nyuzi 30 akiegemea mto, asilalie nyonga yenyewe. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro kabisa. Kichwa cha kitanda kisipandishwe zaidi ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula, maana mwili huteleza kwenda chini na ngozi ya mkia hubaki nyuma ikivutwa. Pete ya mpira ya kukalia, ambayo bado tunaikuta, hukaba damu pande zote za mahali inapodaiwa kupasaidia. Na kuchua mahali palipobadilika rangi kwa mafuta ya nazi, jambo linalofanywa kwa nia njema kabisa, huzidi kuchana nyama iliyokwisha dhoofika.

Huku pwani kuna joto pia. Godoro limevikwa nailoni, juu yake hakuna shuka la pamba, ni mwezi Machi, stima imepotea na feni imesimama. Ngozi inalowa jasho, inalainika, kisha mkojo unaongezeka humo humo kwa sababu daipa ni moja kutwa. Ngozi ya namna hiyo huchubuka kwa kuvutwa mara moja tu.

Makao mengi yana karatasi ya kugeuzia wagonjwa, na mkaguzi akiiona imejaa hutia alama ya ndiyo. Tafadhali isomeni. Karatasi iliyojazwa kweli ina kalamu tofauti, miandiko tofauti, saa zisizo kamili (4:10, 6:25), na sehemu moja mbili zilizoandikwa "amekataa" au "yuko chooni". Karatasi iliyojazwa jana usiku kwa ajili yenu ina wino mmoja, saa kamili tupu, na kushoto, chali, kulia vinafuatana bila kukosea, hata kwa siku ambazo mzee mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali. Linganisheni na barua yake ya kuruhusiwa kutoka wodini.

2. Usiku

Hakuna ripoti yenu hata moja tuliyoiona iliyofanywa baada ya magharibi. Tuwafanyie hesabu. Chukua makao yenye wazee 12 wasioweza kujigeuza. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, kila mmoja anatakiwa ageuzwe mara 6. Hiyo ni kazi ya mara 72. Kila mara, kwa watu wawili wanaoshirikiana vizuri, ichukue dakika 5 tu, bila kubadilisha daipa wala kumwosha mtu. Ni dakika 360, yaani saa 6 kamili za watu wawili, na bado hujaitwa na anayetaka maji, anayetaka kwenda msalani, na yule anayeamka saa 8 usiku akitafuta mlango ili arudi kwao.

Sasa weka mhudumu mmoja, kama ilivyo kawaida. Hata akiwa na moyo wa malaika hawezi, na si suala la muda tu. Mtu mmoja hawezi kumnyanyua mzee. Atamburuta juu ya shuka, na kuburuta huko ndiko kunakochubua. Kwa hiyo hata kule kugeuza kuchache anakofanikiwa kukufanya kunaleta kidonda kingine. Shuka la kuvutia lililokunjwa chini ya mgongo lingesaidia, lakini nalo linataka mikono minne.

Ratiba ya zamu inayotundikwa ofisini huonyesha majina matatu ya usiku. Njooni saa 4 usiku mhesabu vichwa. Njooni na Jumapili alasiri, na wiki ya baada ya Iddi au Krismasi, wageni wa misaada na wapiga picha wakiwa wameshaondoka.

3. Chakula na maji

Ratiba ya ukutani inasema wali, samaki, mboga na tunda. Swali ni kiasi gani kimeingia tumboni. Mzee asiye na meno hatafuni wali mkavu, na samaki mwenye miiba ni hatari kwake. Anayekohoa kila akimeza, au sauti yake ikageuka ya majimaji baada ya kunywa, anatakiwa aketi wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kiwe kidogo, na abaki wima angalau nusu saa baada ya kula. Kumnywesha uji akiwa amelala chali ni kuupeleka mapafuni. Homa ya mapafu inayofuata huandikwa kwamba ni uzee.

Kipimo cha haya yote ni mizani. Mzee apimwe kila mwezi, mizani ileile, nguo nyepesi. Akipungua asilimia 5 kwa mwezi au asilimia 10 kwa miezi 6 bila kukusudia, hiyo ni dalili ya hatari inayotakiwa kufuatiliwa: kwa mwenye kilo 50 ni kilo 2 na nusu, au kilo 5. Asiyeweza kusimama apimwe shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani. Chini ya sentimita 31, mwili umepungua. Futi hiyo haihitaji zabuni.

Maji yana habari yake. Mombasa tunayajua mabomba yetu. Yakikauka, makao hutumia mitungi ya lita 20 ya mkokoteni au kisima cha maji ya chumvi. Maji ya chumvi hayatoi povu la sabuni, yanakwaruza ngozi, na mzee huyaonja akayaacha. Kiu yenyewe hupungua kwa umri, kwa hiyo asiyepewa haombi. Wengi wanahitaji vikombe 6 hadi 8 vya vinywaji kwa siku, isipokuwa wale ambao daktari amewawekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Lakini tunajua nyumba ambako wazee hawapewi kitu baada ya alasiri ili daipa zisilowe usiku. Mtu huyo mkojo wake unakuwa mzito kama chai ya rangi, anapata maambukizi, anaanza kuweweseka na kupiga kelele, anaambiwa akili imezeeka, na anapewa kidonge cha kulala. Kikombe cha maji cha saa 11 kingezuia mlolongo wote huo. Fungueni daipa moja au tazameni mfuko wa mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kwenye kibofu. Mfuko wenyewe uwe chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, na tarehe ya kuwekwa mpira iwe imeandikwa: mipira ya kawaida ya latex hubadilishwa kila wiki 4 hivi, ile ya silikoni tupu huenda hadi 12. Pasipo na tarehe, hakuna anayejua.

4. Dawa

Hesabuni vidonge. Mzee aliyeletewa vidonge 30 vya presha, kimoja kwa siku, akaanza tarehe 1, jioni ya tarehe 10 kopo liwe na 20. Vikiwa 26, amerukwa. Vikiwa 14, kuna anayekopeshwa dawa yake, jambo la kila siku pale ambapo jamaa mmoja ananunua na mwingine hanunui.

Insulini ni kesi ya pekee. Kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala kisigande. Kilichofunguliwa kwa kawaida hutumika siku 28, tena mahali ambapo joto halizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kijikaratasi chake, ambacho mara nyingi ni 25 au 30. Vyumba vyetu vya Februari na Machi vinapita hapo. Mtungi wa udongo unaosifiwa bara haupozi sana kwenye unyevu wa pwani. Ulizeni stima ikipotea kutwa insulini huenda wapi, na kama tarehe ya kufunguliwa imeandikwa kwenye kichupa.

Dawa za sukari za jamii ya glibenclamide hushusha sukari hata kama mtu hakula, hivyo mzee aliyekataa chakula cha usiku akapewa kidonge chake kama kawaida anaweza kukutwa asubuhi hajitambui. Mwezi wa Ramadhani jambo hili huongezeka, kwa sababu wapo wazee wanaoshikilia kufunga na hakuna aliyekaa na daktari kabla ya mwandamo kupanga upya dawa zao.

Kisha dawa za kutuliza. Diazepam hukaa mwilini mwa mzee muda mrefu, inamlegeza, anaanguka. Haloperidol na laraktil (chlorpromazine), zikipewa wenye ugonjwa wa kusahau, huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya dawa mpya za kundi hili kwa wagonjwa hao mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaliongeza kwa hizi za zamani. Zina mahali pake, kwa amri ya daktari, kwa muda uliotajwa. Tunachokiona ni kidonge kinachotolewa kwa sababu zamu ina mtu mmoja. Mkikuta saa 5 asubuhi ukumbi mzima umelala vinywa wazi, msiseme pana utulivu. Itisheni daftari la dawa. Na mkikuta leso imezungushwa kiunoni kwa mama na kufungwa nyuma ya kiti, fundo likiwa mahali asipofika, huko ni kumfunga, hata kama leso ni nzuri.

5. Kuanguka

Vyuma vya kushikilia chooni, sakafu kavu, taa ya njia ya msalani usiku, kiti cha choo kisicho chini sana. Haya mnayakagua na tunawashukuru. Ongezeni presha ya kulala na ya kusimama: namba ya juu ikishuka kwa alama 20 ndani ya dakika 3 za kusimama, mzee huyo yuko hatarini kuanguka, na huenda ni kipimo cha dawa yake. Mguu uliofupika na kupinda nje baada ya kuanguka ni nyonga iliyovunjika hadi picha ya eksirei iseme vingine. Haukandwi.

6. Stara

Mama wa miaka 80 kuogeshwa na kijana wa kiume, mlango wazi, ni dhuluma hata kama maji yalikuwa ya vuguvugu. Pazia, mhudumu wa jinsia yake, msaada wa kutawadha au kutayamamu kwa anayeswali, njia ya kwenda kanisani kwa anayetaka: ulizeni wazee wenyewe, na muwaulize wakati mkurugenzi hayupo chumbani.

Tunajua mtakavyotujibu, basi tuyamalize.

Mtasema hamjapokea malalamiko. Huku kwetu kumpeleka mzazi makao ni aibu inayonong'onwa mtaani; jamaa wengi hawataki hata ijulikane mzee wao yuko wapi. Walio tayari kusema huogopa kuambiwa "basi mchukueni". Mzee naye anamtegemea amlishaye. Kimya cha watu hawa hakiwezi kuwa kipimo cha ubora.

Mtasema wazee hufika makao wakiwa tayari na vidonda. Ni kweli, wengine hutoka wodini navyo na wengine nyumbani. Kwa sababu hiyo hiyo kila anayepokelewa akaguliwe mwili mzima ndani ya siku ya kwanza, kwa mchoro wa mwili wenye alama, upana kwa sentimita na sahihi ya jamaa, kisha apewe alama za hatari ya vidonda vya kulalia kwa kipimo cha Braden, ambacho huanzia 6 hadi 23, na 18 kushuka ni hatari. Pakiwepo mchoro huo hakuna atakayesingiziwa.

Mtasema hakuna bajeti. Tochi, futi, mizani na kalamu. Mtasema mkifunga makao wazee watakwenda wapi. Hatujaomba mfunge. Mtasema siri ya mgonjwa inalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Nasi tunataka idadi, hatutaki majina. Na ikiwa ni kwamba idara moja inasema makao ni suala la ustawi wa jamii na nyingine inasema ni suala la afya, Kifungu cha 57 cha Katiba kimempa kila aliyefika miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Hakikusema dirisha gani.

Tunaomba haya. Ukaguzi usiotangazwa, angalau mara mbili kwa mwaka, mmoja wao usiku, akiwemo muuguzi aliyesajiliwa. Katika kila ukaguzi, wazee watano wachaguliwe na mkaguzi mwenyewe, kuanzia kitanda kilicho mbali zaidi na mlango. Kwa ridhaa yao wavuliwe soksi, wageuzwe, wapimwe, vinywa vitazamwe, vidonge vihesabiwe. Kila makao yaripoti kwenu kila mwezi mambo matano: vidonda vipya na hatua yake, waliopungua uzito kupita kiwango, walioanguka, wanaopewa dawa za kutuliza, na watu waliokuwa zamu kila usiku. Matokeo yabandikwe mlangoni pa makao na kwenye ofisi zenu, kwa Kiswahili, yakiwa na muda wa kurekebisha na tarehe ya kurudi kutazama. Makao madogo yanayotaka kujirekebisha yapewe mafunzo. Sisi wauguzi tuko tayari kufundisha kugeuza, kulisha na kutunza mpira wa mkojo bila malipo.

Pamoja na barua hii tunawasilisha ombi, chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, la kupewa ripoti za ukaguzi wa makao yote ya wazee katika Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Sheria imewapa siku 21 kujibu. Zikipita bila jibu tutakata rufaa, na tutapeleka ombi rasmi mbele ya bunge la kaunti tukiwa na karatasi za kugeuzia wagonjwa mkononi.

Wenu kwa heshima,

Wauguzi, wahudumu na jamaa wa wazee,
Mombasa.